Mchaichai Nyuma ya Hoteli

Migungani, Same
9 Agosti 1970

Mwanangu Sefu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usicheke herufi. Serikali imesema mwaka huu watu wazima wote tusome, nami kila alasiri nasoma katika godauni la zamani la mkonge. Mwalimu wetu ni Lugano, yule Mnyakyusa aliyekuwa mkata mkonge. Anatufokea tukikosea, kisha anakuja hotelini kwangu kunywa chai ya bure, hapo tunalingana.

Nimeyasoma yote uliyoniandikia. Kwamba chumba kimekwisha, kina dirisha upande wa upepo, na Chiku amekipaka chokaa mwenyewe na tumbo lake hilo. Mwambie mkeo aache kupanda ngazi. Jibu langu ni kwamba nimekubali. Mfungo ukiisha na Idd tukishaila, njoo na lori unichukue. Nitakuja Tanga nimlee mjukuu wangu.

Tangu mkonge ushuke bei na shamba lifungwe, mji huu umebaki mifupa. Zamani Jumamosi, siku ya soko, ulikuwa huwezi kupita hapa na baiskeli. Jana sokoni kulikuwa na mzee wa ugoro, wanawake wawili watatu wa nyanya, na mbuzi ambaye hata hakuwa wa kuuzwa. Vitumbua vyangu nimevila na majirani. Lugano ameunda kamati ya kufufua soko, anataka tujenge banda kwa kujitegemea. Nikamuuliza, banda la kumkinga nani na jua, yule mbuzi?

Usimwambie mtu kwamba nahama. Shoga yangu Justa kule mlimani nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno.

Mama yako,
Mwamvita binti Swalehe

*

Migungani
16 Agosti 1970

Shoga yangu Justa,

U hali gani huko kwenye baridi? Huku jua linatukaanga bila mafuta.

Kamati ya Lugano imenituma niwaandikie ninyi watu wa Ighambo, kwa sababu nina shoga huko. Wangejua nilivyo na hasira wasingenituma. Jumatatu nimesimama mlangoni, nikaliona lori la kijiji chenu linapita na mikungu ya ndizi mpaka juu, linakwenda Same. Halikupunguza hata mwendo.

Mama zetu walikutana katika soko hili, wako na ndizi, wangu na chumvi, na sisi tukikimbizana katikati ya vikapu vyao. Lakini tangu uolewe huko juu sijakuona sokoni hata mara moja. Unakuja kunitembelea siku zako, unakaa jikoni kwangu, unakunywa mchaichai wako, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Soko lenyewe unalipita kama nyumba yenye mbwa mkali. Watu hapa wanasema wa mlimani wanaringa, nami nimechoka kuwatetea. Kama kuna tulipowakosea, semeni.

Msalimie shemeji Eliufoo. Yeye sina ugomvi naye.

Wako,
Mwamvita

*

Ighambo
30 Agosti 1970

Shoga yangu Mwamvita,

Barua yako ilinifikia Ijumaa jioni. Niliisoma mara moja nikaikunja, maana si vizuri kuingia na hasira katika Sabato. Leo ni Jumapili, nimepumzika vya kutosha, sasa nakujibu.

Soko lenu ni siku gani, Mwamvita? Na mimi ninasali siku gani?

Kijiji hiki kizima ni Wasabato tangu enzi za babu yake Eliufoo. Jumamosi hatuwashi hata jiko, sembuse kuteremka mlima na mikungu kichwani. Nilipoolewa nikabatizwa, nilidhani mtaona hatuji sokoni, mtauliza. Mwaka wa kwanza nilingoja. Hamkuuliza. Tukasema basi, wa bondeni wameridhika na pesa za mkonge. Eliufoo husema mtu asiyekutaka sokoni hakufukuzi, anachagua siku usiyoweza kuja. Ndiyo maana lori letu halipunguzi mwendo.

Sikukwambia kwa sababu niliamini unajua. Ungewezaje usijue? Ni wewe uliyenipandia mchaichai nyuma ya hoteli, kwa kuwa dini yangu haitaki majani ya chai.

Shoga yako, asiyeringa,
Justa

*

Migungani
6 Septemba 1970

Justa, shoga yangu,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Nikacheka mpaka Lugano akaja kuona kama nimepandwa na homa. Kisha sikucheka tena.

Nilijua wewe ni Msabato kama ninavyojua jina langu. Nilijua soko letu ni Jumamosi. Vitu hivyo viwili sikuwahi kuviweka kwenye sinia moja. Sijui nikwambie nini zaidi ya hapo. Nisamehe, Justa. Miaka yote hii ulikuwa unakunywa mchaichai jikoni kwangu ukidhani sikutaki sokoni kwangu, na bado ulikuja.

Nimeipeleka habari hii kwenye kamati. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekumbuka nani alichagua Jumamosi, mpaka bibi mmoja akasema ni mkonge. Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara shambani, basi soko likaifuata. Mama zetu walikuwa na siku nyingine kabisa. Mkonge umekufa, mshahara umekwenda, na sisi tumeendelea kuilinda siku yake kama askari ambao tajiri wao amehama bila kuwaaga.

Hata hivyo palikuwa na ubishi. Bwana mmoja alisema siku ya soko ni kama kaburi, haihamishwi. Wengi wakamtazama Lugano, maana mpaka leo kila Jumamosi huvaa shati safi, ingawa hakuna wa kumlipa. Lugano akasimama.

"Hiyo Jumamosi ni yangu," akasema. "Nilitoka Tukuyu kijana, nikaikatia mkonge mpaka mgongo ukapinda. Nami nasema tuiache. Nimeingoja, haitanilipa tena."

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Kazi ikawa kutafuta siku. Ijumaa ni ya msikiti. Jumapili ni ya Walutheri, pamoja na Lugano, ambaye ndiye Mmoravian wetu peke yake na anaimba kwa niaba ya wote waliobaki kwao. Jumatatu ninyi mna Same. Alhamisi wanawake wanatayarisha nyumba kwa ajili ya Ijumaa, au ndivyo tulivyowaambia wanaume. Zimebaki Jumanne na Jumatano. Tumewaachia ninyi mchague.

Mwamvita

*

Ighambo
20 Septemba 1970

Shoga,

Nimekusamehe siku ile ile, ila sikutaka kukuandikia upesi ukadhani msamaha wangu ni rahisi. Sisi Wapare hatutoi kitu upesi, unatujua.

Wazee wamekaa. Wamesema Jumatano. Wamesema pia kwamba mtu hali katika soko ambalo hakulijenga. Unajua msaragambo wetu: pembe ikipulizwa kila nyumba inatoa mtu wa kazi, na asiyetoka anatozwa mbuzi. Tumechimba mifereji kwa pembe hiyo, tumejenga shule na kanisa, lakini tangu dunia iumbwe haijapulizwa kwa kazi ya bondeni. Mzee mmoja alitaka kujua kama sauti yake itafika huko. Eliufoo akamjibu kwamba sauti haina haja ya kufika, miguu ndiyo itakayofika.

Basi tutakuja Novemba, Jumatano ya pili, na nguzo na fito kutoka kwenye miti ya kijiji. Ninyi leteni misumari na makuti. Na mwenye kazi ndiye anayewapikia makande watu wa msaragambo, kwa hiyo sufuria ni lako. Najua mtakuwa katika mfungo. Nataka kuona utakavyoyapika bila kuonja chumvi.

Nimefurahi, Mwamvita, sikufichi. Nimeshajichagulia mahali pangu pa kukaa, upande unaotazama hoteli yako. Tutazeeka tukipigiana kelele kutoka upande huu na huu.

Justa

*

Migungani
4 Oktoba 1970

Mwanangu Sefu,

Hali ya hapa ni ile ile. Nitumie misumari ratili kumi kwa ajili ya kufungia masanduku yangu. Iwe mirefu.

Mwambie Chiku ale ndizi.

Mama yako

*

Tanga, Ngamiani
18 Oktoba 1970

Shikamoo Mama,

Misumari nimempa dereva mwenzangu anayepita huko wiki hii, usisahau kumpa chai. Lakini Mama, naomba kuuliza kwa heshima zote. Kitanda chako nakijua, masufuria yako nayajua, na nguo zako zinaingia katika sanduku moja. Masanduku gani yanataka ratili kumi za misumari ya inchi nne? Unahamia Tanga au unajenga daraja?

Tajiri wangu amenikubalia lori Jumatano, tarehe mbili Desemba. Idd itakuwa imeshapita. Chiku ameweka pazia dirishani. Usiku anakaa humo peke yake, anasema anakizoesha chumba sauti za watu. Anauliza kila siku kama kweli utakuja. Namwambia mama yangu akitoa neno ametoa. Ndizi hapa ni ghali, ila anakula mihogo na hajambo.

Mwanao,
Sefu

*

Ighambo
15 Novemba 1970

Mwamvita,

Banda limesimama, na nikitazama chini kutoka shambani kwangu naliona. Watu wetu hawazungumzi kingine. Wanasema Waislamu wa bondeni waliokuwa hawajala tangu alfajiri walitupikia mchana kutwa, wakatugawia kwa mikono yao, wakakaa pembeni wakitutazama tukila bila kununa. Mzee aliyekuwa na wasiwasi na ile pembe ndiye anayeisimulia kuliko wote. Makande hayakuwa na chumvi, nilikwambia. Sufuriani haikubaki hata punje.

Nitakwambia na jingine. Tulipomaliza kazi ulitoa vikombe vyako vya hotelini, ukampa kila mwanamke wa Ighambo kimoja, ukasema ni asante. Nikapokea changu nikicheka. Nikapanda mlima nikicheka. Nilipofika kwenye mfereji kicheko kikanikauka. Mwenye hoteli hagawi vikombe vyake. Mtu anagawa vyombo kwa sababu mbili tu, na wewe hujafa.

Nikarudi chini kesho yake wewe ukiwa kisimani, nikamuuliza Lugano. Lugano hawezi kusema uongo, aliangalia mlango wa hoteli akaanza kukohoa. Kumbe hoteli umemwachia yeye. Kumbe Sefu anakuja na lori.

Nimeumia, Mwamvita. Nakwambia wazi ili usiende kubahatisha. Mjukuu ni mjukuu, mimi pia ninao, sikukatazi. Lakini niliandika kwamba tutazeeka hapo, nawe uliisoma barua hiyo ukanyamaza. Mji umeufufua ili umwachie nani?

Wazee wamepanga soko la kwanza liwe tarehe mbili Desemba. Usiniulize nani aliyewashauri tarehe hiyo. Angalau uwepo.

Justa

*

Ighambo
15 Novemba 1970

Kwa mwanangu Sefu,

Mimi ni Mama Justa, niliyekubeba mgongoni ukanitapikia kanga mpya ya harusi. Sasa ni wakati wa kuilipa.

Njoo Jumatano ile kumchukua mama yako kama mlivyoagana. Sitaki umvunjie ahadi wala yeye akuvunjie. Ila lori lije tupu kabisa na liwe na turubai. Mizigo ya mama yako ni kitanda na masufuria, nafasi itakayobaki ni kubwa. Ndizi zetu tumezoea kuzipeleka Same, tena nyingine zinaivia shambani kwa kuwa lori letu moja halitoshi. Nasikia huko kwenu mke mjamzito anakula mihogo. Ongea na tajiri wako kama mtu mzima.

Usimwandikie mama yako habari hii. Amenificha mambo miezi mitatu, nami nina haki ya wiki mbili.

Mama Justa

*

Migungani
22 Novemba 1970

Justa,

Nilikuwa natafuta maneno. Mwaka huu nimejifunza kuandika nikiwa na mvi, nimeandika barua kwa kamati na kwa Bwana Afisa wa wilaya, na neno moja tu la kukuaga wewe likanishinda.

Nilipomkubalia Sefu mji huu ulikuwa umekufa. Nilikuwa napika vitumbua asubuhi navitupa jioni, na naliogopa godoro langu kwa sababu ya fikra zilizokuwa zinaningojea hapo. Halafu tukaanza mambo haya ya siku ya soko, na kila asubuhi nikawa naamka nina kazi. Nikasema nitamwambia Justa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ijayo tena.

Sitaki kwenda. Nimeliandika, sasa umelisoma wewe peke yako. Lakini mwanangu nimempa neno, na mkewe anakizoesha chumba sauti za watu. Siwezi kumfanyia hivyo. Nitakuwepo Jumatano, nitaliona soko letu limejaa, kisha nitapanda lori.

Mchaichai uchimbe mashina uende nayo.

Mwamvita

*

Tanga, Ngamiani
6 Desemba 1970

Shikamoo Mama,

Nilikuja kukuchukua wewe, nimerudi na ndizi. Bado najaribu kuelewa ilivyotokea.

Nilipofika Migungani nilidhani nimekosea njia. Sikupata mahali pa kuegesha. Watu wa Kwakoa na mbuzi wao, wachuuzi wa samaki wa perege kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, wanawake wa mlimani wamepanga mikungu chini ya banda lile, na Lugano katikati na shati lake safi, siku ya Jumatano, anaelekeza watu ambao hawakuhitaji kuelekezwa. Wewe nilikukuta umefunga kanga kiunoni unamimina chai kwa mkono mmoja na mchaichai kwa mwingine. Ukaniambia nisubiri kidogo. Nikasubiri mpaka adhuhuri.

Kitanda chako nilikipandisha kwenye lori mimi mwenyewe. Mama Justa akakishusha, akasema kinazuia mikungu. Nikakipandisha tena. Akaja Mzee Eliufoo na vijana wake, wakanisalimia vizuri sana, wakakishusha. Mara ya tatu nilikutazama wewe, Mama, nikingoja useme. Ulikuwa unakuna nazi na umeinamisha uso, ukaniambia, "Sefu, ndizi zitaharibika na jua, nenda." Basi nikaenda.

Kesho yake sokoni Tanga zilikwisha hata mchana haujafika. Tajiri wangu, ambaye alinikubalia safari ile kwa kunung'unika, sasa anataka lori liwe huko kila Jumatano, na anauliza kama mna maharage.

Lakini Mama, chumba kipo. Chiku alitoka nje mbio aliposikia lori, akaona ndizi. Alicheka, ila nilimwona. Wewe ni mtu wa neno lako. Nimwambie nini?

Mwanao,
Sefu

*

Migungani
13 Desemba 1970

Mwanangu Sefu,

Mwambie Chiku kwamba neno langu lipo pale pale. Siku zake zikikaribia nitapanda lori lako Jumatano jioni nikishafunga hoteli. Nitakaa naye arobaini yake yote, nitamkanda, nitamlea mjukuu, nitapika uji wa pilipili manga ambao wewe hujui kuupika. Arobaini ikiisha utanirudisha, Jumatano asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Siku nisipokuwepo Lugano atasimamia hoteli na Justa atamsimamia Lugano.

Chumba kiwe changu nikija. Nisipokuwepo weka ndizi, maana nasikia mnazilaza nje kwenye umande. Kitanda changu kimebaki huku, niwekeeni kingine, ila pazia litoe lisinuke.

Sasa nikueleze kwa nini sikupanda lori siku ile, maana najua hukukiona kilichotokea kabla hujafika. Nilikuwa nimeamka nimekwisha funga sanduku. Nimesimama jikoni naitazama rafu yangu tupu. Wakaja wanawake wa Ighambo na vile vikombe vyangu, kila mmoja na chake. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo wanalijua kama tunavyolijua sisi. Kimoja kilijaa maharage, kingine asali, kingine mbegu za kabichi. Mmoja alileta yai, moja, amelikalisha ndani ya kikombe kama bibi harusi. Wapare hawa hawa tunaosema hawatoi kitu. Wakavipanga mezani pangu wakaenda zao kupanga ndizi. Hakuna aliyeniambia nibaki. Nikalia juu ya makaa nikausingizia moshi, na moshi haukuwepo.

Mwanangu, mtu akirudishiwa vyombo vyake vimejaa hivyo, ataviacha wapi?

Rafu yangu sasa imetimia, isipokuwa kikombe kimoja, cha Justa. Nilimwomba akirudishe. Amekataa. Anasema atakuwa anateremka nacho kila Jumatano na kupanda nacho, anywee mchaichai wake hapa, ili nisije nikapata vikombe kamili vya kufunga kwenye sanduku. Mchaichai wenyewe umetanda nyuma ya hoteli mpaka njia haionekani. Nimechimba shina moja, nitakuja nalo. Mwambie Chiku anichagulie mahali pa kulipanda, chini ya dirisha lile la upepo.

Mama yako,
Mwamvita binti Swalehe